Bunduki isiyopimwa shabaha ni hasara kwa kijiji kizima

MFANYABIASHARA wa mazao anayejua kazi yake hawezi kufungua msimu wa kununua pamba au korosho kwa mizani ambayo haijakaguliwa. Wakala wa Vipimo huja, hupima, hugonga muhuri, ndipo kazi inaanza. Hata kama mizani hiyo mwaka jana ilikuwa sahihi, mwaka huu inakaguliwa upya. Hakuna anayeona ajabu, kwa sababu kila mmoja anajua kuwa mizani ikikosea nusu kilo tu kwa kila gunia, mwisho wa msimu kuna mtu atalia.

Cha kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo, akipata leseni ya kuwinda, huchukua raifali iliyokaa kabatini miezi minane, akaitupia nyuma ya gari, akasafiri nayo siku mbili kwenye barabara ya matuta, kisha akashuka porini na kumlenga nyati. Ukimuuliza kama ameipima shabaha, atakujibu kwa kujiamini: "Bunduki hii haijawahi kunikosesha."

Nimeisikia kauli hiyo kwa masikio yangu, na nimeona gharama yake. Ndiyo maana naandika makala haya.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni katika kijiji kimoja kilichopakana na pori, upande wa magharibi mwa nchi yetu, mahali ambapo watu wanaishi kwa mahindi, tumbaku na asali. Walikuja wawindaji wawili kutoka mjini, watu wa heshima zao, wakiwa na kibali cha nyati mmoja na pofu mmoja. Waliongozwa na mzee wa kijijini aliyejua kusoma nyayo kuliko wengi tunavyojua kusoma gazeti.

Asubuhi kabla ya kuondoka, mzee yule alisema kwa adabu, "Bwana mkubwa, hatujapiga karatasi." Alikuwa amefanya kazi kwenye kambi za uwindaji wa kitalii, na huko hakuna mgeni anayeingia porini kabla ya kujaribu bunduki yake kwenye karatasi. Mwenye bunduki akacheka. "Mzee, hii niliipima mwaka jana. Risasi zenyewe ninazo kumi tu, nizimalize kwenye karatasi?"

Wakamkuta nyati dume saa tatu asubuhi. Risasi ya kwanza haikumkuta begani, ilimpata nyuma sana, tumboni. Nyati akaingia kwenye kichaka. Walifuata damu mpaka jua likazama, wakapoteza nyayo.

Siku ya tatu yake, mkulima mmoja wa kijiji kile alikwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki. Nyati alikuwa amelala hapo karibu, na maumivu yake, na hasira yake. Mkulima alinusurika kufa, lakini pembe ilipasua paja lake. Familia iliuza ng'ombe wawili kulipia hospitali na usafiri. Asali ya msimu ule haikuvunwa, na mahindi yalipaliliwa nusu.

Baadaye mzee aliomba bunduki ile ijaribiwe mbele ya wote. Walibandika kipande cha boksi kwenye kichuguu, wakahesabu hatua mia moja. Risasi tatu zote zilikwenda mahali pamoja, shubiri nzima kushoto kwa alama. Mwindaji hakuwa na mkono mbaya. Darubini yake ilikuwa imehama.

Watu wakasema, "Ajali haina kinga." Mimi nilikaa kimya siku ile, lakini leo nasema wazi: ajali ile ilikuwa na kinga, na bei yake ilikuwa risasi sita.

KWA NINI SHABAHA HUHAMA

Wengi wanadhani bunduki ikishapimwa imepimwa. Hapana. Raifali ni chuma kilichofungwa kwenye mbao au plastiki, na juu yake darubini imeshikwa kwa skrubu ndogo sana. Kila mtikisiko wa gari unazilegeza skrubu hizo kidogo kidogo. Kitako cha mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kukauka kiangazi, na kinapovimba au kusinyaa hugusa mtutu kwa namna nyingine. Bunduki ikianguka mara moja tu kutoka kwenye kiti cha gari, msalaba wa darubini unaweza kuhama bila wewe kuona alama yoyote kwa nje.

Risasi nazo hazifanani. Risasi ya graini 180 na ile ya graini 220, hata kama ni za kaliba moja na zinaingia kwenye mtutu mmoja, hazitui mahali pamoja. Vivyo hivyo kwa risasi za viwanda viwili tofauti. Aliyepima kwa risasi za boksi moja akaenda kuwinda na za boksi jingine, huyo hajapima.

Sasa tufanye hesabu ndogo, kwa sababu ukurasa huu ni wa watu wa hesabu. Bunduki iliyokosea sentimeta 5 kwa mita 50, inakosea sentimeta 10 kwa mita 100, na sentimeta 20 kwa mita 200. Kosa linakua kadiri umbali unavyoongezeka. Swala pala ana eneo la moyo na mapafu lisilozidi sana kisahani cha chai, kama sentimeta 15 hivi. Ukilenga katikati ya eneo hilo na bunduki ikakosea sentimeta 10, tayari umetoka nje. Hukumkosa kabisa, jambo ambalo lingekuwa afadhali. Umempiga tumboni au umemvunja mguu.

HASARA IKO WAPI

Ya kwanza ni ya mwindaji mwenyewe. Katika uwindaji wa leseni, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa. Katika uwindaji wa kitalii mgeni hulipa ada ya mnyama huyo kama vile amempata. Umelipa leseni, mafuta, chakula na watu wa kukusaidia, halafu unarudi na mikono mitupu kwa sababu hukutaka kutumia risasi chache kwenye karatasi.

Ya pili ni ya mfanyabiashara. Mwaka 2020 serikali ilitoa kanuni zilizofungua njia ya kuwapo kwa mabucha ya nyamapori. Ni fursa nzuri kwa wafanyabiashara wadogo, lakini nyama si nyama tu. Mnyama aliyepigwa risasi moja mahali panapostahili huanguka karibu, hufikiwa upesi, na nyama yake inakuwa safi. Mnyama aliyepigwa tumboni humwaga uchafu wa utumbo ndani ya mwili, na akikimbia saa tatu au nne akiwa na maumivu, nyama yake huwa nyeusi, kavu na haidumu. Akipatikana kesho yake, hiyo si bidhaa tena. Wapo pia wateja wengi Waislamu ambao swali lao la kwanza ni kama mnyama alipatikana akiwa hai akachinjwa. Mnyama aliyelala na jeraha usiku kucha hana jibu la kuwaridhisha.

Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni ya mkulima ambaye hata hakujua kuwa kuna mtu anawinda. Nyati mzima mara nyingi humkimbia binadamu. Nyati mwenye jeraha ni kiumbe kingine. Hujificha, hungoja, na hushambulia kwa karibu. Simba na chui waliojeruhiwa, wakishindwa kuwinda kama kawaida, huangalia zizi la mbuzi. Anayekutana nao si yule aliyekosa shabaha, kwa sababu yeye ameshapanda gari na kurudi mjini. Ni mama anayetafuta kuni, mtoto anayechunga, mrina asali.

Ni kweli serikali ina utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi kwa waliodhuriwa na wanyamapori. Lakini jina lenyewe linajieleza. Kufutwa machozi si kulipwa fidia. Haliwezi kurudisha mguu wala msimu wa kilimo.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haikulisahau jambo hili. Inamtaka aliyemjeruhi mnyama afanye jitihada ya kumfuatilia na kummaliza, na kama ni mnyama wa hatari ametoroka, atoe taarifa kwa wahusika. Kutoa taarifa ni wajibu, na ni aibu kwamba wapo wanaoondoka kimya kimya. Hata hivyo taarifa ni dawa ya baada ya ugonjwa. Mimi nazungumzia kinga.

NAMNA YA KUPIMA

Kazi yenyewe si ngumu, na haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji asubuhi moja na subira.

Kwanza, mahali. Usipige risasi za majaribio nyuma ya nyumba yako wala kwenye shamba la jirani. Tumia uwanja wa shabaha unaotambulika, au ukiwa kwenye kitalu fanya hivyo ukiwa na ofisa wa wanyamapori. Nyuma ya karatasi lazima pawe na ukuta wa udongo, ngema au kichuguu kikubwa. Risasi ya raifali inaweza kusafiri zaidi ya kilometa tatu, na huko mbele kuna watu. Mti na chupa si shabaha. Risasi hupita, au hugonga ikapinda na kwenda usikotaka.

Pili, hakikisha bunduki haina risasi, kisha kagua skrubu zote za darubini na za kitako. Kama kuna iliyolegea, ikaze kabla ya kupiga hata risasi moja. Futa mafuta yote ndani ya mtutu. Mtutu wenye mafuta unaweza kupeleka risasi ya kwanza mahali pengine kabisa, na porini risasi ya kwanza ndiyo yenye thamani.

Tatu, anza karibu. Weka karatasi mita 25. Kama bunduki yako ni ya bolti, itoe bolti, egemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, na uchungulie ndani ya mtutu mpaka uione alama ya katikati. Kisha, bila kuitikisa bunduki, angalia kama msalaba wa darubini nao uko kwenye alama hiyo. Ukiona vimepishana mno, sogeza darubini kwanza. Kwa njia hii unaokoa risasi nyingi.

Nne, piga ukiwa umeketi, bunduki ikiwa juu ya mifuko ya mchanga. Mfuko ukae chini ya mbao ya mbele, usikae chini ya mtutu. Vuta kifyatulio taratibu. Ukisharidhika na mita 25, nenda mita 100, upige risasi tatu ukilenga mahali pale pale. Usirekebishe baada ya risasi moja, maana hiyo moja inaweza kuwa kosa la mkono wako. Tazama zote tatu zimeangukia wapi, na urekebishe kwa kufuata katikati yake.

Darubini nyingi za kuwindia, kila mlio mmoja wa kirekebishio husogeza risasi kama milimita 7 kwa mita 100. Kwa hiyo kama risasi zako zimeangukia sentimeta 14 kushoto na sentimeta 7 chini, utasogeza milio 20 kulia na milio 10 juu. Kumbuka kwamba kwa mita 25 mlio huo huo unasogeza robo tu ya kiasi hicho, kwa hiyo utahitaji milio mara nne zaidi kwa kosa la ukubwa ule ule.

Ikiwa risasi tatu zimetawanyika ovyo, moja juu, moja kulia, moja chini, usiguse kirekebishio. Hapo tatizo si shabaha, ni kitu kilicholegea, au risasi zisizofaa, au mpigaji anayefumba macho kabla ya mlio. Tafuta kwanza chanzo.

Tano, acha mtutu upoe, kisha upige risasi moja ya mwisho. Hiyo ndiyo inayofanana na risasi utakayompiga nayo mnyama, kwa sababu porini mtutu wako utakuwa wa baridi. Baada ya hapo simama, tumia fimbo za kuegemezea kama utakavyofanya porini, uone kama bado unalipata duara. Mifuko ya mchanga huipima bunduki. Fimbo zinakupima wewe.

Na ukishafika kambini baada ya safari ndefu, rudia hata kwa risasi mbili. Wageni wanaokuja na bunduki zao kwa ndege hufanya hivyo, na hawaoni haya.

Neno moja kwa wakulima wenye shotigani za kulindia mazao. Nanyi mnahusika. Bandika boksi hatua thelathini, piga mara moja, uhesabu marisawa yametawanyikaje. Ukikuta mengi yamekwenda pembeni, utajua kwa nini nguruwe pori wako hukimbia na kurudi kesho akiwa na vidonda.

"RISASI NI GHALI"

Najua pingamizi litakalokuja. Risasi ni ghali, na kibali cha kuzinunua hakitoi nyingi. Ni kweli, silipuuzi. Mwenye risasi kumi anaona akitumia sita kwenye karatasi amebaki maskini.

Lakini tujiulize, hizo kumi zina kazi gani kama hujui zinakwenda wapi? Kumi zisizojua njia hazilingani na nne zinazojua. Mkulima hupoteza debe moja la mbegu kujaribu uotaji wake kabla ya kupanda ekari kumi, na hakuna anayemwita mpumbavu.

Wengine watasema uzoefu unatosha. Katika nchi ambazo uwindaji ni jambo la kila familia, hawauamini uzoefu peke yake. Nchini Norway, anayetaka kuwinda wanyama wakubwa hufanya mtihani wa shabaha kila mwaka: risasi tano kwa mita 100, na zote lazima ziingie kwenye duara la sentimeta 30. Finland, anayetaka kuwinda kongoni wao mkubwa wa baridi hupiga risasi nne kwa mita 75 ndani ya duara la sentimeta 23, na muda wake ni sekunde 90. Babu wa miaka sabini aliyewinda tangu ujana naye hupanga foleni. Na huko hakuna nyati wala simba wa kumsubiri mrina asali.

NINACHOPENDEKEZA

Maoni yangu ni haya. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), ambayo ilianza kazi mwaka 2016, ina maofisa wake karibu na maeneo ya kuwindia. Karatasi ya shabaha na iwe sehemu ya kibali. Kabla mwindaji hajaingia porini, awe mkazi au mgeni, apige risasi tatu kwa mita 100 mbele ya ofisa, zote ziingie ndani ya duara la sentimeta 15. Ofisa aisaini karatasi hiyo, aandike tarehe, namba ya bunduki na aina ya risasi. Asiyefaulu arekebishe bunduki yake na kurudia. Hakuna gharama kubwa hapa, ni karatasi na kalamu.

Pili, askari wa vijiji wanaotumwa kufukuza tembo na kuua wanyama waharibifu wapewe risasi za kupimia, zisihesabiwe ndani ya zile za kazi. Haiwezekani tumwambie kijana akabiliane na nyati kwa bunduki ambayo hajaruhusiwa kuijaribu.

Tatu, na hili halihitaji kanuni mpya: serikali za vijiji zinapopokea wawindaji, ziulize. Mwenyekiti wa kijiji anayedai kuona kibali anaweza pia kusema, "Ndugu zetu karibuni sana, tunaomba tuione na karatasi." Mwenye bucha la nyamapori naye anaponunua nyama aangalie tundu la risasi liko wapi. Akikuta wanyama watatu mfululizo wamepigwa tumboni, asinunue tena kwa mtu huyo. Soko lina lugha yake, na wawindaji wanaielewa.

Msimu wa uwindaji hufunguliwa mwezi Julai, wakati ambapo wakulima wengi wako mashambani wakivuna. Kati ya mashamba na pori hakuna ukuta.

Yule mrina asali bado yupo, anachechemea. Mara ya mwisho nilipopita kijijini kwake alinikaribisha asali, akanieleza kuwa mizinga ya mbali ameshamwachia mwanawe. Kisha akauliza kama wale mabwana wa mjini waliirekebisha bunduki yao. Nilimwambia kuwa sijui. Natamani siku moja swali kama hilo liwe linajibiwa kwa karatasi iliyosainiwa, kabla nyayo za kwanza hazijafuatwa.